Kumbukumbu ya Tak Man-ho: Bondo Ni la Upinde

Umetimia mwaka, Baba Yeon-ok, tangu ututoke. Maua mekundu ya mlimani yamechanua tena, yale ambayo kila ukiyaona ulikuwa ukisema, "Basi, gundi imemaliza kazi yake, osheni vyombo." Tumeviosha. Tunakuandikia hapa gazetini, na majirani nao wasome, maana hapa Yecheon siri haikai. Anayeandika ni mkeo kwa niaba ya nyumba nzima. Neno likikaa kombo ulinyooshe mwenyewe, kama ulivyokuwa ukiwanyooshea watu mishale yao.

Tunazikumbuka asubuhi zako. Uso hujanawa, lakini karakana umeshaifungua, unapita kwenye pinde zilizoning'inia ukizigusa moja moja. "Mmelalaje, jamani? Hamkupata unyevu?" Mkeo jikoni anapaza sauti: "Na mimi je? Mimi sikulala?" Unamjibu bila kugeuka, "Wewe nilikusikia unakoroma, nikajua u mzima."

Kazi yako ilitaka subira, na wewe subira ulikuwa nayo hadi inakera. Mwanzi wa mshale uliuzungusha juu ya makaa, ukaufumbia jicho moja, ukaurudisha kwenye makaa, ukautazama tena. Sisi njaa inatuuma, supu inapoa, wali unakauka. "Baba Yeon-ok, umenyooka huo!" Nawe: "Kwako umenyooka. Kwa upepo bado." Hatukuwahi kukusikia ukisema mshale unatosha kwa sababu wewe umechoka.

Wema wako aueleze Ma Jong-tae, mkulima wa matufaha, maana yeye ndiye aliyeufaidi kuliko wote. Ujanani alinunua upinde kwako, akaondoka nao kifua mbele. Kesho yake akarudi na vipande viwili ndani ya kitambaa, shingo imelala begani kama aliyetoka kuzika. Upinde wetu ukivuliwa ugwe, ile kamba yake, hujikunja kwa mbele kama mkia wa nge, na anayetaka kuufunga ugwe sharti aukunje kwa upande wa pili. Yeye aliulazimisha kulekule ulikojikunja. Sisi jikoni tulingoja uwake kwa hasira. Wewe ukammiminia pombe ya mchele, ukavitazama vile vipande, ukasema, "Kosa ni langu, ndugu yangu. Sikuuambia upinde kwamba unakokwenda kuna dume la mtu." Ukamtengenezea mwingine, ukamfundisha na kuufunga. Tangu siku hiyo Ma hakubanduka nyumbani kwetu. Bado habanduki, kwa taarifa yako.

Na pale kilimani, kwenye uwanja wa shabaha, nani atakusahau? Wote tunaijua ile desturi: kabla ya mshale wa kwanza wa siku, mtu huwaambia wenzake, "Najifunza upinde," nao humjibu, "Upate mingi!", yaani mishale yako mingi igonge shabaha. Vijana huitamka mbiombio kama mtu anayepiga chafya. Wewe, kichwa chote mvi, na nusu ya pinde zilizoko pale zimetoka mikononi mwako, ulisimama, ukainama vizuri, ukalitamka neno zima: najifunza upinde. Ma akikutania, "Utajifunza mpaka lini, we mzee? Hata kunguru wa hapa wameshahitimu!" Ukamjibu, "Kunguru jana hawakukosa shabaha. Mimi nilikosa."

Na wengine walipolitamka, sauti iliyojibu kwa nguvu kuliko zote ilikuwa yako. "Upate mingi!" Ilivuka bonde ikagonga ng'ambo. Hata mpinzani wako ulimtakia mingi, na ulimaanisha.

Sasa tuseme la bondo, maana mkeo ameapa kwamba kumbukumbu isiyotaja bondo si yako.

Kila mtu hapa anajua bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni, la samaki mkubwa wa Mokpo kule pwani ni tamu kuliko nyama yake. Wenzetu hulikata vipande, wakalichovya kwenye mafuta ya ufuta na chumvi, wakafumba macho wakitafuna. Katika nyumba hii samaki aliingia mzima, kichwa tukala, mayai tukala, mifupa tukachemsha, lakini bondo halikuwahi kufika mezani hata siku moja. Ulilichomoa mwenyewe, ukalitundika kwenye msumari wako likauke. "Hili ni la upinde." Hakuna gundi nyingine inayoshika pembe na mwanzi namna ile, hilo mkeo anakubali. Lakini kutamani je? "Kwani mimi nimeolewa na wewe au nimeolewa na upinde?" aliuliza siku moja, na hasira alikuwa nazo kweli. Ukamtazama kwa lile jicho moja la kunyooshea mishale. "Wewe umeolewa na mimi, Mama Yeon-ok. Aliyeolewa na upinde ni mimi." Angefanyaje? Alicheka mpaka akakaa chini.

Ulipolazwa, na sauti imebaki nyembamba kama uzi, tulidhani unataka kutuachia wosia. Mwanao Ki-hun akainamisha sikio. Ukauliza, "Mmeufunika?" Tukakuambia tumeufunika. Ukafumba macho. Halikufuata neno jingine. Mkeo alilia, na akakasirika pia, maana yeye hukumuuliza kama amejifunika.

Ulikuwa ukiuliza habari za upinde uliouacha mezani. Mwanzi, mti wa mforosadi na pembe ya nyati ulikuwa umeshavishikanisha. Zilibaki kano za ng'ombe za kubandika mgongoni, na baridi ilikuwa imekwisha, na gundi ya bondo bila baridi haishiki. Ukawa upinde wa kungoja mwaka mzima. Na baada ya kano lilikuwa limebaki lile tunalolijua wote: kuufungua. Kuukunjua kwa mara ya kwanza juu ya makaa, kidogo kidogo, kinyume cha ulivyojikunja. Hapo ndipo pinde huvunjika, na ukishavunjika hakuna dawa. Kazi hiyo uliifanya peke yako. Hata binti yako Yeon-ok, uliyemfundisha kazi, mkono wake ulivyo mwepesi, saa hiyo ikifika ulimwambia, "Pisha kidogo, mwanangu."

Matanga yalipoisha, watoto wako wakagombana juu ya upinde huo. Tusikufiche.

"Tusiuguse," alisema Ki-hun. "Tuuweke kwenye kabati la kioo, tuandike jina la Baba. Ndio mkono wake wa mwisho huu. Ukivunjika tutashika nini, dada?"

"Baba hakutengeneza mapambo," akasema Yeon-ok.

"Na ukiuvunja wewe?"

"Nikiuvunja naifunga karakana, na kufuli natia kwa mkono wangu. Asiyeweza kufungua upinde si fundi, Ki-hun. Ni msaidizi wa marehemu."

Wote wawili wakamgeukia mama yao. Ee Baba Yeon-ok, mambo gani haya uliyomwachia mwanamke wa watu? Mmoja alitaka akuhifadhi, mwingine alitaka akuendeleze, na mkeo aliwaona wote wana haki. Aliutazama ule upinde uliojikunja ndani ya kitambaa, akaona ukivunjika atakuwa amekuzika mara mbili. Akaona pia kwamba usipofunguliwa, karakana itakuwa kabati tu, na binti yako atakuwa mlinzi wa kabati. Akaufunika tena bila kuamua. Ki-hun akarudi Mokpo amenuna.

Mvua za majira ya joto zilipoanza, mkeo aliuweka upinde kwenye sanduku lenye joto, akawa analifunua kila asubuhi kuutazama. Siku moja akajisikia anasema, "Umelalaje? Hukupata unyevu?" Akageuka haraka kuona kama kuna mtu amemsikia. Yeon-ok alikuwa mlangoni, lakini alijifanya anatafuta ufagio.

Basi ikaja asubuhi ya sakitu ya kwanza, umande umeganda mweupe juu ya majani. Mkeo aliamka, akawasha jiko, akaweka sufuria, na akili yake ilikuwa kwenye kabichi za kutia chumvi. Alipokuja kuzinduka, mabondo yako makavu yalikuwa majini yanalainika, na nyumba nzima inanuka. Miaka yote ya ndoa yake sakitu ya kwanza ilikuwa siku ya gundi, na mikono haikungoja kuulizwa.

Yeon-ok akatokea, nywele hajachana. "Mama, unapika nini?"

"Huna pua? Nenda kalete kano."

"Mama, una hakika?"

"Sina. Nenda kalete kano kabla sijabadili mawazo."

Ki-hun alipopigiwa simu alisema, "Ukivunjika msinipigie," akakata. Tulimwelewa. Alikuwa anakuogopea wewe.

Binti yako alizibandika kano zile, Baba Yeon-ok, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka alilisubiri likauke hadi mkeo naye akakereka. "Imekauka hiyo!" "Kwako imekauka, mama." Tukatazamana, tukacheka, halafu hatukucheka tena.

Siku ya kuufungua, Ma Jong-tae alikuja bila kualikwa. "Nimekuja kukusaidia kushika, shemeji," akamwambia mkeo. "Uzoefu wa pinde zinazovunjika ninao mimi." Yeon-ok alikaa mbele ya makaa, akaupasha upinde tumbo na mgongo, akaupitisha gotini, akaanza kuuvuta. Ukalia. Mnaosoma mnaoijua kazi hii mnaijua sauti hiyo. Akauachia, akaupasha tena, na midomo yake ikawa inasema, "Taratibu, mzee, hakuna anayekukimbiza." Maneno yako hayo, na sauti ile ile ya chini. Hakuna aliyemfundisha. Akauvuta tena, upinde ukaanza kukubali, ukafika nusu, ukapita nusu, na hapo tukasikia: paa!

Mkeo alipiga yowe lililosikika hadi kwa jirani. Yeon-ok alikuwa mweupe kama karatasi, macho kayafumba, hathubutu kutazama. Upinde ulikuwa mzima mikononi mwake. Aliyevunja ni Ma. Alikuwa amekalia mianzi yako ya mishale.

"Kosa ni langu," akasema Ma akijipapasa makalio. "Sikuiambia mianzi kwamba anakuja dume la mtu."

Tulicheka tukilia, na upinde ukafungwa ugwe, ukasimama na mabega yake mawili sawa kabisa. Tungetoa chochote uwepo uuone.

Leo asubuhi, siku yako, tulipanda kilimani. Ki-hun pia alikuja, ametoka Mokpo alfajiri, ameshika kapu la samaki. Aliuomba upinde auone, akaushika kwa muda mrefu, halafu akaugeuza ili ajaribu kuuvuta. "Si upande huo, ndugu yangu," akasema Yeon-ok, akamgeuzia. Hiyo ndiyo iliyokuwa suluhu yao.

Yeon-ok akasimama mahali pako. Binti huyu unamjua, kiburi kidogo anacho, na lile neno alikuwa akilitamka kwa kulimeza. Leo aliinama, akasema vizuri, kila mtu akasikia: "Najifunza upinde."

Hakuna aliyejibu. Si kwa ubaya. Huenda sote tulikuwa tunaingoja sauti yako, kwa mazoea. Ma alijifuta machozi kwa kiganja. Basi mkeo, ambaye hajawahi kuvuta upinde tangu azaliwe, alivuta pumzi akapaza sauti hadi ikagonga ng'ambo ya bonde: "Upate mingi!"

Mshale ukatoka. Ukapita juu ya shabaha, juu kabisa, ukaenda kulala vichakani. Upinde wako una nguvu kuliko tulivyodhani. "Ameupitiliza!" akapiga kelele Ma. "Mtoto wa Man-ho amepitiliza bonde!" Yeon-ok akacheka, akachukua mshale wa pili. Huo uligonga ubao, na sauti yake tuliisikia sote.

Kisha tukarudi nyumbani, tukakuandalia meza ya kumbukumbu. Ki-hun amekumiminia pombe, tumeinama mbele yako, na tulipomaliza tukakaa kula pamoja kama ilivyo desturi. Hapo ndipo Yeon-ok alipoweka kisahani mbele ya mama yake: bondo zima la yule samaki wa Mokpo, mafuta ya ufuta na chumvi pembeni. "Mama, leo ule. Umelingoja maisha yako yote."

Mkeo alilitazama. Alikuwa analitamani, asikudanganye. Alichukua hata vijiti. Kisha akavirudisha mezani, akainuka na kisahani, akaenda karakana, tukamfuata tusijue anataka nini. Akalitundika bondo kwenye msumari wako.

"Hili ni la upinde," akasema. "Sakitu haichelewi."

Wanaokukumbuka: mkeo, Seok Bun-rye, binti yako Tak Yeon-ok, fundi pinde, mwanao Tak Ki-hun, aliyeahidi kutuletea samaki zaidi, rafiki yako Ma Jong-tae, ambaye si ndugu lakini jaribu kumwambia hivyo, na wenzako wote wa kilimani wanaojifunza upinde.

Maadamu nyumba hii inanuka gundi, jina lako litatajwa ndani yake. Lala, Baba Yeon-ok. Tumeufunika.