Mzigo Umefika, Mimi Nimetoka

Baba watoto,

Mzigo wako umefika, uko nyuma ya mlango. Watoto wako kwa dada yangu, uwachukue saa kumi. ~~Chakula kipo kwenye hotipoti.~~ Chakula nimebeba mwenyewe.

Siku tatu umeniambia nisitoke, eti mzigo unaweza kufika saa yoyote. Nikakaa. Hata kuoga nilioga mlango wa bafu ukiwa wazi, nisije nikakosa hodi. Leo asubuhi nikampa pole mleta mizigo kwa kuchelewa, akacheka. "Sijachelewa, mama. Mzee ananiona kwenye simu yake kila kona ninayokata. Juzi nilishafika hapo njia panda, akaandika nilete kesho. Jana vilevile. Leo ofisi imemkatalia."

Kumbe ulikuwa unajua! Unakuja mchana, unakula cha moto, halafu unaniuliza kwa sura ya huruma, "Bado tu?" Na mimi nakupa pole!

Ungesema tu hutaki nirudi kushona, tungegombana yakaisha. Sasa bosi, aliyenitarajia kazini tangu juzi, amempa mtu mwingine cherehani yangu. Nimekwenda kumwomba anipokee tena, hata kwa kupiga pasi.

Maji yatakatika saa nane, jaza ndoo.

Simu nimezima. Ukitaka kujua nimefika wapi, kaa nyumbani usubiri. Naweza kufika saa yoyote.

Mama watoto