Ngao Niliyoishusha

Ghubra, Maskati
Jumatano, saa ya chakula

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto. Mguu wako umepona? Na Mutheu wangu, bado anakataa uji mpaka aupulize mwenyewe? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia. Nimeandika kwa karatasi nimpe dada wa kanisani anayesafiri kuja nyumbani, kwa sababu kwa simu ningelia na mtoto angesikia.

Hapa shuleni ninapofagia kuna mwalimu wa historia, Bi Salma, Muomani ambaye kwao ni Unguja. Jumatatu alikuwa akiwaonyesha watoto jinsi askari wa miguu wa zamani walivyopigana. Ngao ni za katoni, mikuki ni miti ya mopu zetu. Mtoto mmoja hakuja, mwalimu akaniita: "Mwende, njoo mwanangu, nna pengo hapa. Usitie khofu, hawaumi."

Nikasimama mstarini na ngao mkono wa kushoto. Akatueleza kwamba ngao haikufuniki wewe peke yako. Nusu yake inamfunika aliye kushoto kwako, na wewe unafunikwa na wa kulia. Wakibanana hivyo, mikuki imetokeza mbele, adui hapati pa kuingilia. Mmoja akishusha ngao, anayechomwa ni jirani yake. Katoto kamoja kakaniambia, "Anti, sogea, wanikanyaga." Nilifurahi, Mama, kama nimerudi darasani.

Walipoondoka nikabaki kurudisha miti. Nikainua mmoja juu ya bega, nione vile wale wanaume walivyokuwa wakichoma. Bi Salma alikuwa ametuonya kwamba mkuki ulikuwa na ncha hata nyuma, na wengine waliumizwa na wenzao wa mbele. Nikasahau. Mti ukaingia nyuma yangu kwa kioo cha kabati la vikombe vya ushindi pale koridoni, kikavunjika. Nikakimbia.

Kesho yake asubuhi tukapanga mstari tuhesabiwe, kama kila siku. Msimamizi wetu, naye ni Mkenya, akauliza ni nani aliyevunja kioo. Korido ile ilikuwa zamu ya Nduku, yule msichana wa Makueni ninayeishi naye chumba kimoja. Husimama kushoto kwangu.

"Nduku, toka mbele. Usiposema ukweli mpaka Alhamisi, khalas, basi, ni ndege ya kurudi kwenu."

"Madamu, si mimi."

Nduku akanitazama. Hakunishuku, alitafuta tu mtu wa kumtetea. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Tangu hapo chakula hakipiti. Leo amenimegea chapati yake, akaniambia, "Kula, Mama Mutheu, usikonde kwa shida zangu."

Kesho ndiyo Alhamisi. Nitasema ni mimi. Naogopa, Mama. Wakinirudisha, sijui Mutheu tutamlea na nini. Lakini huenda Bi Salma akaniombea msamaha, ana roho nzuri.

Nisalimie kaka yangu, shangazi anayekuchotea maji, na mke wa mchungaji. Mbusu Mutheu kichwani, pale kwenye kovu.

Ukinisikia mlangoni mapema kuliko tulivyopanga, usiniulize mbele ya watu. Jua tu kwamba Nduku bado yuko kazini.

Binti yako,
Mwende