Mayai ya Kinyonga

Jumapili, 2 Machi 2025

Yeyote utakayefungua kurasa hizi — Mama, Shangazi, yeyote — nakusihi, funga. Kama umeshasoma, usimwambie mtu hata neno moja. Si siri ya mapenzi. Ni mayai.

Mvua ya kwanza ilinyesha jana. Udongo umelainika, mlima hauonekani kwa ukungu. Baada ya misa nikachukua jembe. Ukoo wa Baba unakuja Jumamosi kwa ajili ya arobaini yake, na Shangazi Filomena ameshatuma neno kwamba shamba la kaka yake limegeuka pori. Nikataka wakute matuta. Wakute mtu anayelima.

Nikaanza na tuta la nyuma, lile ambalo Baba alikataza lisiguswe tangu Pasaka iliyopita. Hakusema kwa nini. Jembe likaibua mayai meupe, madogo kama maharage, yamelaliana. Moja nimelipasua. Ndani kitu kimejikunja — mkia umeviringwa, vidole kama koleo. Kinyonga! Alikuwa karibu kabisa kutoka.

Nilitupa jembe nikakimbilia jikoni. Nina shahada, na kinyonga namwogopa kama mtoto. Baba alijua. Nadhani ndiyo maana hakusema: nisingekanyaga tena bustanini.

Nimeyafukia polepole, bila kuyageuza. Kile kimoja nimekizika peke yake.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Kabla ya kwenda ofisini: nimezibua mfereji, nimebadilisha maji kwenye beseni la ndege. Lundo la matawi nimeliacha, vyura wameshahamia. Chozi, yule ndege mdogo wa maua, anajenga kiota kwenye kamba ya nguo. Mama amehamishia nguo uani.

Masijala, Rahel tunayekaa naye meza moja ananishauri niende baraza la ardhi kulidai shamba la Baba. Sheria ipo, anasema. Najua ipo. Mimi ndiye ninayepanga mafaili ya watu walioshtaki shangazi zao. Nimewaona wanavyokaa kwenye benchi, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Mama anasema tuache. Yeye ni Mhehe. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo ya Baba inarudi kwa dada yake na watoto wa dada yake. Kwa Wahehe hufuata baba. Basi huku si kwangu, na kule si kwangu.

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja. Shangazi aliitikia shikamoo yangu, akanikumbatia, akalia. Alilia kweli. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

Baada ya chakula akazunguka bustani na fimbo yake. Akamuuliza Mama kama hapa tunafuga nyoka. Akasema kaka yake alikuwa kichekesho: wenzake hapa Bigwa nzima wanalima mchicha, yeye analima majani. Mwanawe Leonard akaniita mke wangu, ule utani wetu wa mabinamu, akasema nikimkubali nitabaki na majani yangu, ila nimpikie hayohayo. Watu wakacheka. Hata mimi.

Kisha Shangazi akachomeka fimbo katikati ya tuta la nyuma. Akatangaza: Leonard atajenga vyumba vya kupangisha, mwisho wa mwezi. Sisi tutoke kabla.

Wazee walipokaa, akanigeukia.

"Mwanangu, una neno?"

Wiki nzima nimelipanga neno hilo kichwani. Nikisema bustani, watacheka. Nikisema kinyonga, watamwaga mafuta ya taa na kuwasha. Kwa jirani walifanya hivyo, nikasikia harufu yake mpaka chumbani.

"Sina, Shangazi."

Nikaenda kuosha vikombe.

Jumapili, 16 Machi

Mvua imekata. Hakuna kilichotoka. Nimenyunyiza maji kidogo juu ya tuta. Sijui kama inafaa. Wa kumuuliza hayupo.

Jumanne, 25 Machi

Mama ameondoka kwenda Iringa kwa kaka zake. Amechukua shina moja la mchaichai, amelifunga kwenye kitambaa kibichi. Kituoni aliniambia nile vizuri. Hakutaja bustani.

Nimepata chumba Kihonda. Ua wote ni saruji. Hata jani la kufagia halipo.

Alhamisi, 27 Machi

Jioni nilipitia Bigwa. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye tuta Leonard alipofika na matofali. Nikasubiri aniite mke wangu. Hakuniita.

"Binti mjomba, kuna nini hapa?"

Nikainuka, nikakung'uta udongo. Nikamwambia nitamwandikia. Akacheka kidogo — tumesimama pamoja hivi, halafu uniandikie? Lakini akasema mafundi wataanza upande wa barabarani. Huku nyuma ni Jumatatu.

Kwa hiyo najaribu hapa kwanza. Kesho nitanakili, nikiweza.

Leonard. Tafadhali usimwambie Shangazi. Chini ya tuta la nyuma kuna mayai ya kinyonga. Mjomba wako aliyalinda karibu mwaka mzima. Hawana sumu. Mimi mwenyewe nawaogopa, lakini hawana sumu. Mvua ikinyesha kabla ya Jumatatu huenda wakatoka wenyewe. Ukiona udongo unatikisika, waambie mafundi wangoje, unipigie. Namba ni ileile. Saa za kazi simu yangu iko kwenye droo; piga ya ofisini, uulizie masijala, useme ni msiba, wataniita. Jioni nipo Kihonda, nyuma ya mashine ya kusaga, geti la bluu. Mwenye nyumba hufunga mapema, kwa hiyo zunguka, gonga dirisha la kwanza kushoto. Nitatoka. Na kama jembe limeshapita, gonga vilevile.