Kiti cha Nyuma

Jumapili, Makanyagio

Sitaki hata kuliangalia hilo gari langu.

Fundi alilijaribu likiwa tupu. Alikata springi likashuka chini kama nilivyotaka, akafunga rimu pana na matairi mapya, akazunguka nalo mtaani akarudi anacheka: "Kaka, imekaa!" Na mimi nikacheka. Mjinga.

Leo nilimrudisha mama mkwe kwake Magamba. Mke wangu alibaki na mtoto. Kwetu Wasukuma mama mkwe hakai mbele na mkwewe, kwa hiyo alikaa nyuma, kajitanda khanga. Kila shimo tairi la nyuma lilisaga bodi, na harufu ya mpira ikajaa ndani. Angehamia mbele, kelele ingeisha. Lakini mimi ningemwambiaje?

Nusu ya njia akasema, uso dirishani, "Baba, nishushe tu. Nadhani mimi ni mzito."

Mzito! Mama wa watu mwembamba vile. Akapanda bodaboda, mfuko wake wa mchele mapajani.

Hatamwambia binti yake, namjua. Bora angenitukana. Na springi zikishakatwa hazirudi.

Nilirudi peke yangu. Gari halikusaga hata mara moja.