Kibodi Yako Imebadilika Sauti

Neema, mdogo wangu,

Kibodi yako nimeifungua. Najua ulikataza. Ulisema atakayeigusa kwa bisibisi utamkata vidole, na ulisema huku unanitazama mimi, utadhani mharibifu pekee wa Nkuhungu nzima ni mimi. Sasa hupo wa kunikata, na nina jambo ambalo sina wa kumwambia zaidi yako.

Unakumbuka ulivyoanza ule wazimu? Ulileta kibodi kuukuu kutoka sokoni, ukaifumua yote juu ya meza, sisi tukahamia kulia chakula kwenye mkeka. "Dada, sikiliza hii," unabonyeza kitufe. "Haya, sasa sikiliza hii." Mimi sisikii tofauti yoyote, nawe unanihurumia waziwazi. Kila swichi, kile kidude kinachokaa chini ya kitufe, uliipaka grisi kwa brashi ya kuchorea, ulimi umeutoa nje, na ole wake atakayepiga chafya. Boksi lake ulilichongesha kwa mbao ya mninga kwa seremala wa Kizota, ukamrudishia kazi mpaka akauliza kama ni kitanda cha mdoli.

Bado haikukuridhisha. Ulisema ndani ina mwangwi, inalia kama bati. Kesho yake nikakuta godoro langu halina kona moja.

"Ilihitaji sponji, Dada."

Nikaenda kushtaki kwa mama. Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Si amekata kwa miguuni? Angekata kwa kichwani ndiyo ungesema."

Lakini nikubali, baada ya ile sponji ilitulia. Ilitoa sauti nzito, ya chini, kama uwele unaomiminwa kwenye ungo. Jioni ukirudi kazini ulijifungia chumbani na kazi zako za tafsiri, mama akawa upande wa pili wa ukuta anachambua mlenda, na akiisikia kibodi tu anaita, "Neema, umekula?" Nawe hata kichwa huinui: "Nimekula, mama." Ulikuwa muongo, mara nyingi ulikuwa hujala.

Mama alikuwa ameshaanza kusahau wakati ungali hai, tulikuwa tunacheka akitia chumvi mara mbili. Baada ya ile ajali ya bodaboda hatukucheka tena. Alikuwepo makaburini, alitupa udongo kwa mkono wake, na muda si mrefu hakukumbuka. Kisha likapotea jina langu. Aliniita "mwanangu", baadaye "dada", kama anavyomwita muuza nyanya. Asubuhi ananisalimia "mbukwenyi", salamu ya kwetu, kwa adabu zote, kama mgeni na mwenyeji.

Siku kompyuta yangu ilipogoma vitufe nilichomeka kibodi yako nimalizie ripoti ya ofisini. Nilikuwa sijafika hata mstari wa pili, nikasikia kutoka ng'ambo ya ukuta: "Neema, umekula?"

Nikajibu, "Nimekula, mama."

"Haya," akasema, akatulia. Mtu aliyekuwa akizunguka nyumba nzima kila jioni, anafungua kabati, anachungulia chini ya vitanda, alitulia.

Basi kila jioni nikawa naandika, hata kama sina cha kuandika. Nimeandika sala, nimeandika jina lako kurasa nzima, nimemwandikia yule dereva wa bodaboda matusi ambayo sijawahi kuyatamka. Mama mdogo alipokuja kutoka Chang'ombe akaniweka chini. "Tumaini, unamdanganya mtu mzima." Nikamuuliza nifanye nini, nimzikie mtoto wake upya kila jioni? Akanywa chai yake.

Vumbi la mji huu unalijua. Kile kitufe kirefu cha nafasi kikaanza kunata, kikibonyezwa hakipandi. Nikavumilia, mwishowe nikashika bisibisi. Ndani, sponji ya godoro langu ilikuwa imesagika, ikanitokea mkononi kama unga wa njano. Grisi nayo imekauka na mchanga. Nikasafisha swichi zote. Grisi niliomba kwa fundi cherehani, maana hukuwahi kumwambia mtu unatumia ya aina gani, na hilo nakulaumu mpaka leo. Sponji nikakata kwenye godoro langu hili jipya. Kwa miguuni.

Nikafunga, nikabonyeza. Ilitoka nyepesi, kavu. Neema, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisikia tofauti, na sikuitaka.

Jioni nikaandika hivyo hivyo. Ng'ambo ya ukuta kimya. Kisha nikasikia ndala zake. Akasimama mlangoni ameshika pazia, akanitazama.

"Tumaini," akasema. "Kumbe ni wewe."

Hujui nilivyolisubiri jina hilo. Machozi yalinitoka hapo hapo kwenye kiti.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

Akatazama nyuma yangu, kitandani kwako. "Na Neema, hajarudi?"

Nikasema bado.

Tangu siku hiyo, jua likianza kupoa anabeba kigoda chake anakaa barazani. Mwanzo, kwake, ulikuwa chumbani, umekula, hana wasiwasi na wewe. Sasa uko nje, giza linaingia, na simu hupokei. Kila akisikia bodaboda anainuka. Nimejaribu kuirudisha ile sauti: nimepunguza sponji, nimeongeza, nimefuta grisi na kupaka upya, nimetandika kitambaa chini. Hairudi. Na nitakuambia kitu ambacho mama mdogo hatakisikia: kuna jioni nahisi nimeikaribia, nikibonyeza karibu ni wewe, nami naweka bisibisi chini. Kwa sababu asubuhi ataniita Tumaini. Naona aibu, lakini ndivyo ilivyo. Ikirudi sauti yako, mimi napotea tena humu ndani. Isiporudi, mama ataendelea kukungoja barazani na baridi yote hii, na mtu wa kumletea shuka ni mimi. Sijui nichague nini. Ningekuwa na wewe ningekuuliza, ungenijibu upuuzi, tungecheka.

Jana upepo ulikuwa mkali. Nilimwambia tuingie ndani, akakataa. "Tumaini mwanangu, kafungue geti. Mdogo wako asije akakuta limefungwa."

Nilitaka kumwambia.

Nikaenda nikalifungua. Nikasimama pale, nikaitazama barabara hadi kule mwisho, na mimi nikakungoja.

Dada yako uliyemkatia godoro,
Tumaini