Hakuwa Panya, Somo Yangu

Somo yangu,

Shikamoo. Mwaka wa pili huu naamkia ukuta, marahaba yako siisikii. Nimeona nikuandikie, tena hadharani, maana nina maneno yamenikaa kooni na mengi yake ni ya kukugombeza, na wewe ulipokuwa hai hukuwa mtu wa kugombezwa. Jina lako silitaji. Waliokujua hapa Bagamoyo watakujua kwa harufu.

Tangu siku tuliyokuosha sijafukiza udi nyumbani kwangu. Chetezo nimekitupa uani, kuku wanakinyea. Nikipita penye arusi udi ukanipiga puani, navuka barabara huku nimeziba pua kwa mtandio. Watu wanasema nimepandwa na shetani asiyetaka manukato. Waseme, midomo ni yao.

Unakumbuka ulivyonipokea? Nilipovunja ungo, mama alinishika mkono akanikabidhi kwako uwe somo yangu, kwa kuwa mama mzazi hawezi kumweleza mwanawe mambo ya mwili. Siku saba nilikaa ndani mwako. Siku ya kwanza hukuniambia neno, uliniinua mkono ukaninusa kwapa. "Toka hapa! Hiyo harufu ya beberu unampelekea nani?" Nikarudishwa bafuni mara tatu nalia. Mara ya nne ukanipaka dalia, ule unga wa manukato, ukanikalisha juu ya moshi wa udi, ukanibandika kikuba cha asumini kifuani, ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Mwanamke wa hapa, mwali wangu, hufika kabla hajapiga hodi." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikupenda kuliko mama aliyenizaa. Nimekwenda na neno lako hilo miaka arobaini, sijawahi kutoka mlangoni na harufu yangu mwenyewe.

Ndiyo maana mwaka wako wa mwisho sikushtuka. Uliacha kunikumbatia, ukawa unanipa mkono ukiwa mbali, nikasema utu uzima huo. Kikuba ukakihamishia upande wa kushoto, kikawa kikubwa kama ngumi, nikasema bi mkubwa kaamua kurudi usichanani. Udi ukawa unawaka asubuhi, adhuhuri na alasiri. "Somo, unanukia kama bi harusi," nilikwambia, nawe ukavuta kanga yako ukacheka na dirisha. Nilikusifia! Mimi, mwenye pua zangu mbili na macho yangu mawili, nilikaa pale nikakusifia.

Halafu ile alasiri. Nimekuletea kisamvu, nimeingia mpaka chumbani kwako, na chini ya udi nikasikia harufu nyingine. Nikairudisha pua. Nikasema, na leo najisikia uchafu mdomoni nikiyaandika haya, "Pu! Somo, humu mna mzoga!" Nikatema mate nje ya dirisha. Ulinitazama kidogo tu. "Panya huyo," ukasema. "Kafia humu humu, sijui wapi." Basi nikashika ufagio. Nikavuta masanduku, nikaingia uvunguni, nikapanda kiti nikachungulia darini, nalaani panya na ukoo wa panya. Na wewe umekaa kitandani unanielekeza, "Tazama na nyuma ya kabati, mwali." Tulimtafuta panya yule, mimi na wewe, mpaka jasho likanitoka. Hatukumpata. Ukaniambia niongeze udi kwenye chetezo, nikaongeza.

Siku ya kukuosha tulikuwa wanawake watatu. Tulipokufungua kifuani tulikuta vitambaa juu ya vitambaa, na asumini kavu imegandana na usaha. Titi la kushoto halikuwapo. Palikuwa na kidonda ningeweza kukitia ngumi. Mkubwa wetu akasema, "Tuliyoyaona hapa yanazikwa hapa," akaomba ubani zaidi. Nilitoka nje nikatapika ukutani, nikasukutua, nikarudi kukumalizia. Mwosha hufunika aibu ya maiti, hilo tumefundishwa na ni jema. Lakini wale wanawake wa msibani, mkekani, Mtume! "Mashallah, kafa ananukia." Wanapokezana sifa hiyo na kahawa. Watu waliambiwa ni presha, nami niliitikia kwa kichwa, presha, presha, mpaka siku ya arobaini. Wewe mwenyewe ulikuwa bingwa wa kuwaambia wenzako mficha maradhi kifo humuumbua. Ah wapi! Wewe kifo hakikukuumbua, maana sisi tulikisaidia kukuficha.

Sasa sikiliza kilichonitoa nje ya kiapo kile cha waosha.

Mwezi uliopita lilikuja gari la vipimo vya saratani ya matiti, likaegeshwa uwanja wa mpira. Mjukuu wako Zuwena, yule fundi cherehani, ndiye aliyenikokota, "Twende, bibi, wote wawili." Tulikaa juani tukimsubiri mgeni rasmi. Akaja, akatuhutubia akina mama wazima, wenye matiti yetu, bila kuthubutu kulitaja titi. "Maeneo ya kifuani," anasema. "Sehemu husika." Akashika puto la rangi ya waridi, akapigwa picha, akaingia garini mwake kwenye kipupwe. Nilisonya mpaka Zuwena akanifinya.

Ilipofika zamu yetu nesi akamuuliza Zuwena kwanza, "Katika ukoo wenu kuna aliyeugua saratani ya matiti? Mama, mama mdogo, bibi?"

"Hakuna," Zuwena akajibu bila wasiwasi. "Bibi yangu mzaa mama alikufa kwa presha."

Nesi akaandika. Mimi nimeketi kando yake, mkono niliokuoshea uko mapajani kwangu, na nikanyamaza. Somo, nimewahi kujichukia maishani, lakini si kama dakika ile. Nesi akampapasa Zuwena kwa mikono, akamwambia hajafika arobaini na kwao hakuna ugonjwa huo, kwa hiyo ajichunguze mwenyewe kila mwezi, aende kwa amani. Mtoto wa watu akashukuru.

Mimi kwa umri wangu nikaingizwa garini kupigwa picha ya matiti. Mpiga picha ni binti mdogo wa bara, ana adabu zake, ananiita mama. Mashine yenyewe ina vibao viwili, titi linawekwa katikati linabanwa mpaka unamkumbuka aliyekuzaa. Siku hizi picha haitoki kwenye bahasha ya kaki kama ile eksirei ya mguu wangu zamani. Inatokea papo hapo kwenye kioo, kompyuta inaipitia kwanza na kuzungushia duara pale inapopatilia shaka, kisha inatumwa kwa mtandao kwa daktari wa Dar. Kwenye picha yangu miduara ilikuwa mingi. Binti akaikazia macho, akanigeukia.

"Mama, umepaka nini?"

Nikajivuna, si unanijua. Sikugusa udi tena, lakini vingine sikuwa nimeviacha. "Dalia, poda ya kwapa, na marashi kidogo. Sisi watu wa pwani, mwanangu."

Hakucheka. Alinieleza taratibu kwamba poda ina chembe zinazotokea nyeupe kwenye picha, na saratani ikiwa changa kabisa nayo huweza kutokea kwa chembe nyeupe. "Sasa hapa siwezi kukwambia hizi ni zipi. Kaoge kwa maji na sabuni tu. Usipake kitu chochote, urudi kesho."

Nilirudi nyumbani. Ebo! Kumbe hata mashine isiyokuwa na pua tunaweza kuiziba macho kwa manukato. Siku nzima najiuliza, ni poda au ni kile nilichokiona kwako? Asubuhi nikaoga. Na naapa, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo la poda. Nikakusikia: hiyo harufu ya beberu unampelekea nani? Nikapandisha hasira, somo, hasira ya kweli. Nikalibeba kopo, na dalia, na chupa ya marashi uliyoniachia, nikavitupa vyote shimo la taka, nikavimwagia majivu juu.

Nikatoka na jasho langu. Jirani yangu aliponijia na salamu nikajikuta narudi nyuma, nampa mkono nikiwa mbali. Nilisimama pale pale njiani. Ndivyo ulivyokuwa unanipa mkono wewe, na wewe ulikuwa hivyo mwaka mzima.

Picha ya pili ilitoka safi. Hakuna duara hata moja. Ilikuwa poda, alhamdulillahi, upuuzi mtupu wa poda. Binti akanipongeza, nami nikatoka nje nikamkuta Zuwena ananingoja kwenye benchi, amekuja mbio kutoka kwenye cherehani yake, uzi umemganda shingoni. Akanirukia kwa furaha. Nikamtoa mikononi nikamkalisha.

"Bibi yako hakufa kwa presha," nikamwambia.

Nikamweleza yote. Vitambaa, asumini, kidonda. Sikupunguza. Alinitazama kama mtu niliyemtemea mate.

"Miaka miwili mnajua?"

"Tunajua."

"Na jana ulikaa pale ukanisikia najibu?"

"Nilikusikia."

Alinyanyuka bila kuniaga. Nilidhani anakwenda zake nyumbani, kumbe alikwenda mpaka kwa nesi, akasema kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia, "Dada, jana nilijibu vibaya. Bibi yangu alikufa kwa saratani ya titi. Waliomwosha walimwona."

Mmoja wa wale waosha wenzangu alikuwamo foleni humo. Alinikata jicho mpaka leo hajaniamkia, na asiniamkie.

Zuwena hawakumwachia tena. Walimpiga picha, wakampima na altrasaundi, ile ile ya wajawazito. Kompyuta ilizungushia duara moja tu, upande wa kushoto, na yeye hakuwa na poda mwilini. Wakamchoma sindano ya kuchukua kinyama, kikapelekwa Dar. Jibu limerudi: ni yenyewe. Ni ndogo, somo, ndogo kuliko choroko, nesi aliipapasa kwa mikono yake miwili asiigundue. Daktari anasema imewahiwa. Jumatatu wanaitoa, nami ndiye ninayekwenda kukaa naye, maana ameshaanza kunisemesha, ingawa kwa mkato.

Sasa wewe nieleze. Mimi nimetapika, nimesonya, nimetupa vyombo, nimemchukia mgeni rasmi na puto lake, nimewachukia wanawake wa mkekani, nimeuchukia ubani na wanaouomba zaidi. Nikimaliza kuwachukia wote nabaki na wewe, uliyenifundisha kuujua mwili wangu kucha mpaka unywele, na wako ukauacha uoze ndani ya kanga ukimwona mjukuu wako anapita mlangoni. Nilikuwa nakupenda, na nilipokuwa nakuosha nilikuonea kinyaa, vyote kwa mkono mmoja. Sijui kama Mungu ananielewa. Kama nimekosea kuifunua aibu yako basi anihukumu, ila mimi siiiti aibu. Ni ugonjwa.

Juzi tulikuwa tunapanga nguo zake za hospitali. Kanga mbili, kanzu ya kulalia, sabuni isiyonukia. Zuwena akasimama na kanga mkononi, akaniuliza, "Bibi alikuwa anamwogopa nani, kwani?"

Nilijifanya natafuta kandambili. Nilimdanganya, nikasema watu wa zamani walikuwa hivyo. Na nimemaliza kudanganya, ndiyo maana kabla ya Jumatatu nitamsomea barua hii, na jibu lake ni hili: alikuwa ananiogopa mimi. Mimi niliyesema mzoga. Mimi niliyetema mate dirishani mbele yake.

Lala, somo. Dua nakuombea kila Alhamisi, bila ubani. Lakini hakuwa panya, na ulijua hakuwa panya, na ulinitazama nikiingia uvunguni kumtafuta. Ungesema tu, "Ni mimi, mwali." Ningeutupa ule ufagio nikakaa.

Mimi,
mwali wako.