Shemeji Yako Kwenye Kalenda

Gisenyi, Novemba 1956

Mdogo wangu Rajabu,

Sisi hapa ni wazima. Mvua haikatiki, na cherehani yangu inataka mkanda mpya.

Barua yako nimeipata. Bon, kwa hiyo wale wachapishaji waliitupa filamu yangu. Asante kwa kuwafuata huko Usumbura. Nani alinituma niwape filamu yenyewe, tena bure, kwa furaha tu ya kuona meli niliyoipiga picha kwenye kalenda yao? Sisi wapenzi wa picha za meli ndivyo tulivyo, tukiombwa tunatoa.

Siku ile nilimsimamisha shemeji yako Mwamini gatini ili ukubwa wa meli uonekane. Hakupigwa picha nyingine maishani mwake. Wao wakamkata, wakabakisha meli, na kivuli cha Mwamini kwenye mbao za gati. Hata mi fundi nguo sijawahi kukata vibaya hivyo.

Jana mwanetu Asina aliniuliza marehemu mama yake alikuwa na sura gani. Nilimpeleka dukani kwa Abdu, ilikotundikwa ile kalenda, nikamwonyesha kile kivuli.

Kaka yako,
Sudi